Stelingi Asiyetaka Kuchagua

Ijumaa, 30 Januari

Mhariri kapiga. Makala moja, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, juu ya katuni za mashujaa wa Kimeksiko. "Wasomaji wanataka kujua tu, nzuri au mbaya kwa watoto wetu?" Nzuri au mbaya, kana kwamba ananiuliza maziwa yamechacha au bado.

Nimekubali. Kodi ya nyumba haingoji mtu apate hamu ya kuandika.

Nitaandika juu ya El Tigre. Ya zamani, najua. Ilianza 2007 Nickelodeon, ikakoma 2008, vipindi 26 basi. Lakini ndiyo anayoitazama kijana wangu siku hizi, tena na tena, hata mimi jikoni najua ni wapi wamefika. Chuma cha mkanda kinazungushwa, mtoto ananguruma, kitu kinavunjika. Ndani ya runinga, alhamdulillahi.

Baba yake hajapiga wiki hii. Akipiga ana lake jambo.

Jumapili, 1 Februari

Nimeketi na kijana, tumetazama mpaka macho yakauma. Nilikuwa na daftari mapajani. "Mama, hata wewe una kazi ya shule?"

Niliyoyaandika, kwa mwandiko wa mtu aliye ndani ya basi: Manny Rivera, miaka 13. Mji unaitwa Miracle City, jambazi kila kichochoro. Baba yake ni White Pantera, shujaa mwenye masharubu na viatu vya shaba. Babu yake ni Puma Loco, jambazi mzee ambaye kofia yake ya dhahabu hugeuka mtambo wa vita. Wote watatu wanakaa nyumba moja! Mlinzi wa mji na mwizi wa mji wanafungua kinywa meza moja, kisha wanatoka, kila mtu na kazi yake. Na wote wawili wanamwangalia mtoto. Utakuwa nani, wewe? Mwema kama baba au mwovu kama babu?

Mtoto anataka kote kote. Anaokoa watu asubuhi, jioni yuko na Babu yake wanavunja benki.

Baba yangu kakaa nasi kidogo, miwani puani. "Haya, stelingi ni yupi hapa?" Kijana akamwonyesha. "Na jambazi?" Kijana akamwonyesha yuleyule. Baba akasema hiyo si sinema, hiyo ni fujo. Akainuka kwenda kutawadha.

Fujo, ndiyo. Lakini nilicheka. Sikutarajia kucheka vile.

Jumatatu, 2 Februari

Jirani wa chini kapanda na sufuria ya tamales. Candelaria leo. Mwezi uliopita, tarehe sita, walipokata ule mkate wao wa duara, kipande chake ndicho kilichotoka na kitoto cha plastiki. Mwenye kukipata ndiye mwenye kulisha watu tarehe mbili Februari. Zetu kazifunga kando kwa uzi, jibini na pilipili, siagi badala ya mafuta ya nguruwe. "Hizi ni zako, mija, nilizipika kwanza kabla ya za wengine." Nikamwambia Doña, Mungu akuzidishie. Baba kala nne. Alianza kwa kunusa.

Nikamwonyesha katuni kwenye simu. Alicheka kabla mtu hajasema neno. Kumbe alikuwa anacheka michoro. Akasimamisha picha kwa kidole: "Huyu ni Santo." White Pantera, kifua mbele, barakoa usoni hata akiwa nyumbani kwake. Jina lake la ndani Rodolfo. Na Santo naye, chini ya ile barakoa ya fedha, alikuwa Rodolfo: Rodolfo Guzmán Huerta. Halafu akaja Sartana, bibi mifupa mwenye gitaa la uchawi. "Huyu katoka kwa Posada." José Guadalupe Posada, mchonga chapa, aliyefariki 1913, yule wa mafuvu yaliyovaa kofia za mabibi wa kitajiri. Yako kila mahali mtaani hapa, hata kwenye mifuko ya sokoni.

Kila alipogusa kioo, mtu alifufuka. Mcheza mieleka. Mwanamapinduzi aliyegeuka mzuka, General Chapuza. Tangazo la sinema la zamani. Mimi niliona rangi tu, yeye aliona ukoo mzima.

Waliobuni ni mtu na mkewe, Jorge R. Gutiérrez na Sandra Equihua. Bwana alizaliwa Mexico City, akalelewa Tijuana. Jirani ni wa Tijuana. "Mtoto wetu," akasema, kwa kiburi cha mtu aliyemlisha.

Andika hili lisipotee: michoro ina kumbukumbu.

Jumanne, 3 Februari

Baba yake kijana kapiga.

Anahamia Minneapolis, kazi mpya. Watu wetu wengi huko, msikiti karibu, chuo cha Qurani kizuri. Anataka kijana akae naye mwaka mmoja. Sauti ya upole ile, ninayoijua. "Tumwulize mwenyewe. Ana miaka kumi na moja, ana akili zake. Atakachochagua ndicho."

Nikasema nitafikiri.

Sijaandika mstari leo. Nimeosha makabati ya jikoni, ndani na nje.

Alhamisi, 5 Februari

Siku kama ya leo, 1984, Santo alifariki. Jirani hakuhitaji kalenda, kwake hiyo ni hauli hasa. Siku chache kabla, Januari, alikuwa kwenye kipindi cha televisheni, akaiinua barakoa, uso ukaonekana nusu, mara ya kwanza mbele ya watu. Kisha moyo ukasimama. Alizikwa nayo. Sinema zaidi ya 50 alicheza, na uso wake haukujulikana.

Nilipomsimulia Baba, macho yalimwaka. "Huyo ni Dara Singh wao!" Basi nimekaa saa nzima Mombasa bila tiketi. Sinema ya Naaz, miaka ya sitini, foleni ya Jumapili, vijana wamevua mashati wanapigana mieleka njiani wakirudi nyumbani. Dara Singh anamwinua jitu juu ya kichwa na ukumbi mzima unasimama. "Lakini Dara Singh alionyesha uso wake," akasema Baba. "Mtu akificha uso, utajuaje kama ni yeye?"

Hutajua. Ndiyo raha yenyewe. Barakoa hurithiwa. Yuko El Hijo del Santo, mwana kavaa ya baba. Nikamwambia. Akafikiri. "Ala. Kama kilemba cha ukoo." Kisha akarudi kwenye redio yake.

Sasa lililonizuia usingizi. Mieleka ya Meksiko ina kambi mbili. Técnico, mwenye kufuata sheria. Rudo, mkorofi, anayepiga mtu mgongoni na kumzomea refa. Watu wanalipa kiingilio kuwashangilia wote wawili, na shangwe za rudo si za kuazima. Ndiyo nyumba ya akina Rivera hiyo: baba técnico, babu rudo, na mtoto katikati ya kamba za ulingo. Haikutungwa na mtu wa ofisini aliyetaka kichekesho. Imetoka Arena México, imetoka mbali.

Na Santo mwenyewe alikuwa rudo! Alipoingia ulingoni kwa jina hilo, 1942, alikuwa rudo, akabaki rudo miaka na miaka. Mpaka miaka ya 1960 ndipo akahama. Sanamu la wema la taifa zima, na nusu ya maisha yake ya ulingoni alikuwa upande wa wakorofi.

Lakini alipohama alihama. Hakuamka kesho yake rudo, keshokutwa técnico. Walioshangilia upande ule waliachwa. Kuhama kulikuwa na bei.

Manny halipi kitu. Kila kipindi anakaribia kuchagua, kila kipindi kipya anaanza upya, mweupe pe. Hapo ndipo panaponikera. Nalala.

Jumamosi, 7 Februari

Mama yake Manny. Maria. Nilikuwa nampitia juu juu, leo nimemtazama.

Hakai nao. Aliachana na White Pantera, maisha ya hatari yalimshinda. Hili nalisifu, na nitalisifu kwa herufi kubwa kwenye makala: katuni ya watoto, mwaka 2007, wazazi wameachana, na hakuna kati yao aliyefanywa shetani. Bwana bado akimwona analegea magoti. Bibi anamheshimu bwana na hamrudii. Mtoto anapita kati yao bila kubeba maneno. Ni nani mwingine aliyetuchora hivyo? Katuni nyingi humuua mzazi mmoja mwanzoni ili kazi iendelee.

Kijana, bila kuondoa macho kwenye kioo: "Mbona Manny anakaa kwa baba yake?"

"Labda kwa sababu baba ana viatu vya shaba."

Akacheka. Mimi nilikwenda kuangalia kama wali umeiva. Haukuwa umeiva, nao ulikuwa umewekwa dakika tano zilizopita.

Haya, sifa zimekwisha. Malalamiko. Nguvu katika ukoo ule zinashuka kwa wanaume tu: Puma, Pantera, Tigre. Kipo kipindi Maria naye anapata nguvu, anaitwa Plata Peligrosa, anawapiga majambazi hadi unasimama kitini. Kisha zinampanda kichwani, lazima aziache, arudi kwenye vitabu vyake. Mwanamume akizidiwa na nguvu, huo ni mchezo wa kila Jumamosi. Mwanamke akizidiwa, huo ni ugonjwa, atibiwe kabla ya matangazo ya biashara.

Frida Suárez, rafiki yake Manny, nywele za buluu, binti wa mkuu wa polisi. Anapendwa na kila mtu anayetazama, nami pia nampenda. Ana akili, ana gitaa, ana mdomo. Hana nguvu. Anakimbia nyuma ya shujaa akimshauri.

Wanawake wenye urithi wako wapi? Wapo! Kwa majambazi. Black Cuervo, mama yake na bibi yake, vizazi vitatu wanaruka pamoja. Ukoo pekee wa kike uliokamilika katika mji ule ni ukoo wa wezi. Sijui kama walikusudia. Hilo ndilo linalonishughulisha, kwamba huenda hawakukusudia.

Jumapili, 8 Februari

Chicano Park. Jua zuri, upepo wa bahari. Baba na kanzu na sweta juu yake, kijana mbele anakimbia.

Daraja la Coronado linapita juu, magari hayaishi, na chini yake nguzo zote zimepakwa rangi toka miguuni hadi kooni. Zapata. Bikira wa Guadalupe. Mashujaa wa Kiazteki wenye manyoya. Wakulima na bendera zao. Kijana kasimama mbele ya nguzo moja, kashika kiuno: "Mama, hii ni kama Manny!" Nikamwambia kinyume chake, mwanangu. Manny ndiye kama hii.

Jirani alinisimulia kisa cha mahali pale tukiwa tunapika, leo nimekiona kwa miguu. Mtaa ulikatwa vipande na barabara kuu, kisha daraja. Watu waliahidiwa bustani. Tarehe 22 Aprili 1970 zikaja tingatinga, kumbe kinajengwa kituo cha polisi wa barabarani. Wakashikana mikono, wanafunzi, mama na watoto, wakaikalia ardhi siku 12. Walipata bustani. Michoro ilianza 1973.

Baba kasoma ubao mrefu wote, akitafsiri kwa sauti kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Mwisho akasema, "Hawa walikaa."

Na pale pale, chini ya nguzo, nikapata kosa kubwa zaidi la Miracle City. Mji ule una majambazi kila pembe, lakini hauna mwenye nyumba. Hauna anayefukuzwa. Watu wanaiba kwa sababu ni waovu, wanaokoa kwa sababu ni wema, na uovu unaota wenyewe kama magugu. Sasa linganisha na Superbarrio. Huyo hakuchorwa, alikuwa mtu. Baada ya tetemeko la Mexico City la 1985, maelfu hawana pa kukaa, na wenye majengo wanawatoa wapangaji. Mwaka 1987 akatokea jamaa barakoa nyekundu na njano, suruali ya kubana, joho, kitambi. Si wa kuruka angani. Anasimama mlangoni siku ya kufukuzwa mpangaji, na umati nyuma yake. Anaingia ofisini kwa mkubwa akiwa na barakoa, wapiga picha wanamfuata. Mpangaji habanduki.

Meksiko ilikuwa tayari na shujaa wa kweli mwenye barakoa, miaka 20 kabla ya El Tigre, na adui yake alikuwa na anwani. Gutiérrez aliyachukua masharubu, mafuvu, mikanda, akaacha mlango wa mpangaji. Au aliachishwa? Katuni ya televisheni ya watoto Marekani, unamweka wapi mwenye nyumba?

Tumekula taco za samaki. Baba kaomba ndimu zaidi mara tatu. Kijana amelala ndani ya tramu, kichwa begani kwangu, mzito sasa.

Jumanne, 10 Februari

Rasimu mbaya. Inasomeka kama hati ya mashtaka. Nimefuta nusu.

Hebu kwa utulivu. Wanaoilaumu husema: majambazi wenye sombrero, pilipili, umwamba wa kiume, Wameksiko wanajichafua wenyewe. Daktari mwovu anaitwa Chipotle! Nilimpelekea jirani lawama hiyo asubuhi tukitupa taka. Akashika kiuno. Yeye kalelewa na Chapulín Colorado wa Chespirito, shujaa mwoga, mwekundu, anayejikwaa kila mahali na bado anaingia kwenye hatari akitetemeka. "Sisi tunawacheka mashujaa wetu kwa sababu ni wetu. Akicheka mgeni, nauliza kwanza anacheka nini." Hapo kesi ya pilipili imefungwa, kwangu.

Nikakumbuka na ¡Mucha Lucha!, ya 2002. Nayo barakoa, nayo mieleka, shule nzima ya watoto wa mieleka. Wabunifu wake Eddie Mort na Lili Chin, si Wameksiko, lakini waliipenda lucha na inaonekana. Inachangamka. Ila ndani ya El Tigre kuna kitu kingine. Kuna mtu anayetafuta uso wa mjomba wake katika kila mchoro. Pembe za nyuso zimekatwa kama zimechongwa kwa kisu. Hata ukuta wa nyuma una fuvu mahali. Kazi ile ilifanywa kwa programu ya Flash, chombo cha bei rahisi wakati ule, na bado haina mstari wa uvivu. Tuzo za Emmy na Annie hazikutolewa kwa huruma.

Kwa hiyo lawama yangu ni moja, na nimeipata leo nikipiga pasi:

Michoro inakumbuka, hadithi inasahau.

Kila mstari unajua ulikotoka, Posada, Santo, ukuta wa Tijuana. Lakini kipindi kikiisha, kilichotendeka kinafutwa. Manny alimsaliti baba yake Jumamosi iliyopita? Haikutokea. Alimdanganya babu? Nani anakumbuka. Na kwa sababu hakuna kinachobaki, wale watu wazima wawili wanaweza kumwuliza swali lao kila siku, miaka yote, na likabaki kichekesho. Ugomvi ni wa baba na babu. Ni wao wawili wasioelewana. Wameuchukua, wameuweka kwenye mabega ya mtoto wa miaka 13, wakamwambia chagua.

Nimeizima pasi. Nimekaa.

Jumatano, 11 Februari

Usiku, wote wamelala. Maya and the Three, Netflix, 2021. Watu walewale, Gutiérrez na mkewe kwenye michoro, miaka mingi baadaye. Vipindi tisa. Nilisema kimoja tu. Sasa ni alfajiri.

Hapa hakuna wa kusahau! Binti wa mfalme, siku ya kutimiza miaka 15, miungu inamdai awe kafara. Kwa nini yeye? Kwa sababu ya jambo la wazazi wake, siri ya watu wazima waliyoificha tangu azaliwe. Deni si lake, kulipa ni kwake. Lakini safari hii hadithi inalitaja deni kwa jina. Baba anaona aibu, na aibu yake inabaki usoni kipindi baada ya kipindi. Wanaokufa wanakufa. Wenzake watatu, Rico, Chimi, Picchu, hata wao. Sisi tulizoea stelingi hafi. Nimekaa kwenye kochi na blanketi nikisubiri warudishwe, wapi.

Na ni binti. Upanga, meno nje. Lile lalamiko langu la Jumamosi, kumbe kuna mtu alilijibu.

Sitasema ya pili ni bora kwa kila kitu. Inakokota, muziki unapiga kelele pale penye haja ya kimya, na vita vya mwisho ni virefu kuliko subira yangu. El Tigre inachekesha zaidi, mara tatu zaidi. Lakini Maya inajua kitu ambacho Manny hakuruhusiwa kukijua: ukimpa mtoto swali la wakubwa, analijibu kwa mwili wake.

Adhana ya simu. Baba anakohoa chumbani. Sijalala na kazini ni saa mbili.

Alhamisi, 12 Februari

Asubuhi, viatu anavaa, bila kunitazama:

"Nikienda kwa Baba, Babu atalia?"

Hakuna aliyemwambia. Sijui alisikia lini. Kuta za nyumba hizi.

Nikamwambia Babu halii, Babu hukohoa. Akatabasamu kidogo. Kisha: "Na wewe?"

Basi la shule likapiga honi.

Ijumaa, 13 Februari

Nimetuma. Maneno yamezidi kidogo, atayapunguza akitaka.

Mhariri kajibu kabla Ijumaa haijasaliwa. Amependa Dara Singh, amependa Superbarrio. Hapendi mwisho. "Haujatoa hukumu." Nikamwandikia: hukumu ipo, isome tena. Mtoto atazame, acheke, atazame michoro kwa makini kwa sababu kila kona ina marehemu wa kuheshimiwa. Mzazi naye akae kando yake, asiangalie Manny, awaangalie wale wazee wawili. Makala hii ni ya wazazi. Watoto hawana kosa katika katuni ile.

Kaniuliza, "Kwa hiyo ni nzuri?"

Nimemwambia ni nzuri na inatoroka. Aweke hivyo.

Baba karudi msikitini na habari: wanasema mwezi huenda ukaandama Jumanne. Tende hatuna, ufuta hatuna, na ndoo ya unga imebaki vumbi. Kijana anataka kufunga yote mwaka huu. Nimesema tutaona. Babu yake kasema, "Mwachie." Nimelisikia neno hilo kwa namna mpya wiki hii. Nimesema hapana, mimi na wewe tutapanga siku ngapi, kisha tutamwambia. Baba kanitazama juu ya miwani. Hakubisha.

Jumapili, 15 Februari

Kuvunja jungu. Pilau, mbuzi wa kukaanga, kachumbari, jirani na binti zake, sauti juu. Jirani kaleta mtungi wa hibiskasi baridi, wao wanaiita jamaica, na Baba akaanza mjadala wa kwamba hiyo ni karkadee, aliinywa akiwa baharia. Kijana kawachora wote mezani, kila mtu na barakoa. Babu kapewa ya simba na sharubu. Mimi nimepewa glavu za fedha. Plata Peligrosa, yule wa kipindi kimoja! Nikamwuliza mbona hakunivua mwishoni. Akasema, "Kwani lazima?"

Walipoondoka nikachukua simu, nikakaa ngazi za nje, nikampigia baba yake kijana kwanza, kabla hajapiga yeye.

Nimesema: hatutamwuliza. Wala leo, wala Machi, wala kwa ujanja. Hili tutaliamua sisi wawili, tuzozane sisi, tushindwe sisi. Kisha tutamwambia pamoja, na akikasirika akasirike na sisi wawili, kila mmoja sehemu yake.

Kimya kirefu. Akasema namnyima mtoto sauti. Nikasema sauti anayo, atatuambia anachopenda na tutamsikiliza. Ila kura ya mwisho si yake, kwa sababu siku moja mmoja wetu atahuzunika na sitaki kijana ajue kwamba yeye ndiye aliyeiandika huzuni hiyo.

"Umeanza kusoma vitabu vya saikolojia?"

"Katuni."

Alicheka, kicheko chake cha zamani kile. Kisha hakucheka. Ataleta gari mwisho wa wiki ijayo, baada ya futari, tukae tuzungumze bila mtoto. Minneapolis hajaiacha. Mwaka mmoja bado anautaka. Lakini swali kaliondoa mezani kwa kijana, hilo kakubali. Nusu nimeipata. Nusu iliyobaki nitaidai akija.